Kabla hujanunua kompresa nyingine ya AC, jua kilichoiua ya kwanza

Kuanzia Desemba mpaka Machi, Dar inapokuwa jiko, simu ninazopokea kuhusu AC za magari karibu zote zinakuja na hukumu tayari: "Fundi, kompresa imekufa, nitafutie used." Ukiuliza nani kapima, unakuta hakuna geji iliyofungwa wala waya uliopimwa. Mtu kafungua boneti, katazama, kafunga. Kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC, ndiyo inayosingiziwa kuliko kifaa kingine chochote cha AC. Na ile iliyokufa kweli hubadilishwa peke yake, mkosaji akaachwa ndani ya mfumo, mpya nayo ikafuata njia ileile.

Tuanze na upimaji, maana pesa nyingi hupotea hapo.

Washa injini, washa AC, kisha itazame kompresa kwa mbele. Puli inazunguka muda wote kwa sababu ya mkanda. Bamba lililo mbele ya puli ndilo linalopaswa kunaswa na sumaku ya klachi, usikie "ta!", nalo lizunguke. (Kompresa za kisasa zenye valvu ya kudhibiti msukumo wa gesi, nyingine hazina klachi kabisa, kwa hiyo usisubiri mlio huo.) Isipodaka, usiikimbilie kompresa. Kwenye Toyota nyingi swichi ya presha inakata umeme wa klachi presha ya gesi ikishuka chini ya psi 28 hivi (psi ni kipimo cha presha), na inakata tena presha ikipanda mpaka psi 455. Gari lililovuja gesi litakaa kimya kwa makusudi. Kuna fundi atavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka klachi idake, akuambie imepona. Waya huo ukiachwa hapo, kompresa inazunguka bila gesi, na gesi ndiyo inayobeba oili ya kuilainisha. Haitachukua muda mrefu kufa.

Gesi ikiwepo, fuata umeme. Badilishana rilei (swichi ya umeme) ya AC na nyingine ya aina ileile kwenye boksi la fyuzi. Pima umeme kwenye soketi ya kompresa: ukikuta volti 12 na klachi haidaki, tatizo ni koili au nafasi ya bamba. Koili nzima kwa kawaida husoma omu 3 hadi 5; ikikatika, mita haisomi kitu. Ama nafasi kati ya bamba na puli, kompresa nyingi zinataka karibu nusu milimita. Klachi ikilika nafasi inapanuka, na dalili yake ni ya pekee: asubuhi AC inafanya kazi vizuri, ukikaa foleni ya Barabara ya Mandela koili ikapata moto inaachia, na ukiligonga bamba kidogo kwa mpini wa spana linadaka tena. Gari la namna hii halihitaji kompresa. Unafungua nati ya mbele, unatoa washa (kiringi) moja nyembamba, unapima nafasi upya, unafunga.

Masikio nayo yanasaidia. Mngurumo unaosikika hata AC ikiwa imezimwa ni wa beringi ya puli, na beringi hubadilishwa peke yake. Mlio wa kugongagonga unaoanza pale klachi inapodaka unatoka ndani, kwenye pistoni au bamba linalozisukuma, na huo mara nyingi hauna tiba.

Baada ya hapo ndipo geji. Injini ikiwa imezimwa na mfumo umetulia, pande zote mbili, wa presha ndogo (wa chini) na wa presha kubwa (wa juu), zinasoma sawa. Kwa R134a, gesi ya AC ya magari mengi, kwenye nyuzijoto 30 utaona karibu psi 97. Namba hiyo inakwambia gesi ipo, haikwambii ni kiasi gani. Washa. Upande wa chini ushuke mpaka kati ya 25 na 45, wa juu uongezeke mpaka 200 au 250, na mchana wa joto kali unaweza kuzidi kidogo. Pande zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, gesi imezidishwa au kondensa, kile kipoza gesi cha mbele ya gari, haipati upepo; imwagie kondensa maji, na mshale wa juu ukishuka haraka, shughulika na feni na uchafu uliojaa kwenye mapezi. Hili la feni ndilo linalowasumbua wengi wetu: AC ina baridi usiku njia ikiwa wazi, foleni ikianza inapuliza joto, na kompresa inalaumiwa.

Kompresa iliyochoka ina sura yake. Injini imeongezwa mwendo, klachi imedaka, lakini upande wa chini umebaki 70 au 80 na wa juu haupandi zaidi ya 120. Mishale inataka kukutana. Hapo valvu za ndani au pistoni zimekwisha. Kama ni kompresa yenye valvu ya kudhibiti, pima valvu hiyo kwanza, kwa sababu ikikwama inaonyesha picha ileile, na kwenye modeli nyingi hubadilishwa bila kununua kompresa nzima.

Sasa kilichoua. Muuaji ninayemkuta zaidi ni tabia ya "niongezee gesi." Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mara nyingi inatoka pamoja na oili. Ndiyo maana sehemu inayovuja huwa na mafuta yaliyoshika vumbi. Mtu anaongezewa kila baada ya miezi michache, oili haongezewi hata tone, anaona ameokoa pesa. Kompresa inakauka, inajisaga, na unga wa alumini unasambaa mfumo mzima.

Kwa hiyo ukishaifungua ya zamani, mimina oili yake kwenye chombo cheupe na uitazame juani. Ikiwa safi, umepona. Ikiwa nyeusi na inametameta, kufunga kompresa mpya peke yake ni kuizika. Mabomba na evaporeta (kipozeo cha ndani ya gari) husafishwa kwa dawa ya kusafishia mfumo, kisha hukaushwa kwa naitrojeni. Ekspansheni valvu, ile inayopunguza presha ya gesi kabla ya evaporeta, ibadilishwe. Kondensa pia, kwa sababu hizi za sasa zina vinjia vyembamba sana visivyosafishika, uchafu unabaki ndani ukingoja. Draya, kichujio cha kunyonya unyevu, ibadilishwe hata kama oili ilikuwa safi, maana ikishakaa wazi kwenye hewa ya Dar inanyonya unyevu mpaka inashiba. Wateja hubishana nami hapa, kwa kuwa bei inapanda. Siwezi kuwakubalia. Afadhali tusubiri mwisho wa mwezi tufanye yote kuliko kufanya nusu.

Oili ina masharti yake. Soma lebo ya kompresa uweke aina iliyoandikwa, na kiasi kilingane na ulichomwaga pamoja na kilichobaki kwenye vipuri ulivyobadilisha. Chupa ya PAG, oili ya kawaida ya kompresa, ikiachwa wazi inavuta maji ya hewani. Kwenye Prius na haibridi nyingine (magari ya injini na umeme) zenye kompresa ya umeme, PAG ya kawaida ni marufuku. Zinatumia ND-11 au oili yenye sifa hizo, kwa sababu kompresa hizo zinaendeshwa na umeme mkubwa, betri ya Prius ya kizazi cha pili ikiwa na volti 201.6, na oili isiyo sahihi inapitisha umeme. Waya za rangi ya chungwa usiziguse kama hujafundishwa.

Used kutoka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, sizikatai. Nachukua iliyozibwa midomo yake, nazungusha shafti kwa mkono nisikie kama ina mikwaruzo, namwaga oili niione. Iliyokaa wazi kwenye vumbi siibebi hata kwa bei ya kutupa.

Ukifunga, weka oringi (pete za mpira) mpya zilizopakwa oili, kisha zungusha kompresa kwa mkono mara kumi hivi ili oili itoke kwenye silinda. Jaribu uvujaji kwa naitrojeni kavu. Kamwe usitumie oksijeni ya kuchomelea: ikikutana na oili kwenye presha inalipuka, inaua. Halafu vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu kwa pampu, si ya dakika tano. Geji ikifika inchi 29 za zebaki, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 25 hivi, chini ya joto la mchana wetu, kwa hiyo unyevu unageuka mvuke na kutolewa na pampu. Mimi naacha dakika 45, na masika napita saa nzima. Funga valvu, subiri. Mshale ukirudi, bado kuna tundu au maji.

Gesi ipimwe kwa mizani kufuata kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari madogo mengi yanakula gramu 400 hadi 600. Nunua mtungi kwa muuzaji unayemwamini: mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka na kuua watu baada ya kujazwa R134a bandia yenye R40, gesi nyingine ambayo inashambulia alumini, na kompresa ya gari lako ni alumini hiyohiyo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza, acha injini kwenye mwendo wa chini dakika kadhaa, feni ya ndani ikiwa juu kabisa, usikanyage mafuta. Endesha siku chache, kisha rudi gereji tupitishe kifaa cha kunusa gesi kwenye kila maungio tuliyofungua.