Kupandisha toleo la PostgreSQL kwenye RDS bila kuzima mfumo wa malipo

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, toleo la 13 iliacha kutunzwa na watengenezaji wake Novemba 2025. Ukibaki na toleo lililopitwa na wakati ndani ya Amazon RDS (huduma ya Amazon ya kukuendeshea hifadhidata), mwishowe unatozwa ada ya ziada kwa kila vCPU (kichakataji pepe cha seva), kila saa, na ankara inakuja kwa dola. Dawa yake ni Blue/Green Deployments, iliyofikia PostgreSQL mwaka 2023: RDS hutengeneza nakala nzima ya hifadhidata (kijani), huipandisha toleo, kisha huipelekea kila kinachoandikwa kwenye ile inayotumika (bluu). Ukibadilisha kutoka bluu kwenda kijani, anwani ya bluu huhamia kijani.

Kwanza weka rds.logical_replication, kigezo cha bluu kinachoruhusu unakili wa mabadiliko kwenda kijani, iwe 1, kisha washa seva upya. Bila hivyo badiliko halishiki.

Hatari kubwa iko kwenye majedwali yasiyo na ufunguo msingi (primary key, kinachotambulisha kila mstari kipekee). Unakili ukishaanza, UPDATE na DELETE kwenye jedwali kama hilo hukataliwa, tena kwenye bluu yenyewe, wateja wakiwa ndani. Yatafute mapema:

SELECT c.oid::regclass FROM pg_class c
WHERE c.relkind = 'r' AND c.relnamespace = 'public'::regnamespace
AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM pg_index i WHERE i.indrelid = c.oid AND i.indisprimary);

Lipe kila moja ufunguo. REPLICA IDENTITY FULL (mpangilio wa kutambua mstari kwa data yake yote) inakubalika pia, ila kwa jedwali kubwa ni mzigo, na mimi huiacha iwe ya mwisho.

Zuia pia mabadiliko ya muundo. Mtu akiongeza safu (column) moja tu kwenye jedwali la bluu, unakili huvunjika na itabidi ufute kijani uanze upya.

Kabla ya kubadilisha, endesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu za majedwali, kwenye kijani. Ukipanda kwenda toleo lolote kabla ya 18, takwimu za kupangia maswali hazihamishwi, na swali lililokuwa likijibiwa papo hapo linaweza kuanza kusoma jedwali zima. Soma pia majedwali yanayotumika sana, kwa sababu data ya kijani huvutwa kutoka hifadhi kidogo kidogo, na usomaji wa kwanza ni wa polepole.

Kubadilisha kwenyewe kwa kawaida hakufiki dakika moja. Kukipita sekunde 300, kikomo cha kawaida usipokibadilisha, RDS hughairi. Lakini miunganisho yote hukatika, na uandishi husimama. Taarifa ya M-Pesa ikigonga wakati huo, mwenye duka Gikomba ataona pesa imeingia kwenye simu, huku mfumo wake ukisema mteja hajalipa. Pitisha taarifa hizo kwenye foleni kwanza, ziandikwe baadaye.

Ukichagua saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, kumbukumbu za seva zitasoma Jumamosi 23:00, kwani hutumia UTC, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu.

Hifadhidata ya zamani hubaki na jina linaloishia -old1, na inaendelea kulipiwa. Yanayoandikwa kwenye mpya hayarudi huko, kwa hiyo usiitegemee kama njia ya kurudi nyuma; hakiki hesabu za malipo, kisha uifute.