Kahawa Inaharibikia Stoo, Si Shambani

Tangu usajili wa wakulima wa kahawa Uganda kwa ajili ya soko la Ulaya upambe moto, malalamiko yanayotufikia ni yaleyale: Wazungu wanataka ardhi yetu, kodi ya mashamba inakuja, asiye na hati hataruhusiwa kuuza. Hakuna lolote kati ya hayo lililo kweli. Nitayajibu tena kwa kifupi, kisha tuje kwenye tatizo lenyewe, ambalo kwa kweli si la mkulima.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inagusa mazao 7: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020 haitapokelewa huko. Wala haisaidii kusema msitu ulikuwa wako, au mwenyekiti wa kijiji (LC1) alikuruhusu. Ukataji halali nao unahesabiwa. Zaidi ya nusu ya kahawa ya Uganda huishia Ulaya, kwa hiyo hatuna anasa ya kuipuuza kanuni hii.

Hata hivyo, tafadhali acheni kukata miti ya kivuli. Tumeona mashamba yaliyong'olewa mituba, ile miti ya kivuli ya jamii ya mtini, kwa hofu kwamba picha za setilaiti zitayaita msitu. Msitu, kwa tafsiri ya kanuni hiyo, ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti ya zaidi ya mita 5 inayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, na ambalo kwa sehemu kubwa halitumiki kwa kilimo. Kahawa chini ya mituba na migomba ni kilimo. Kivuli hicho ndicho kinachoikinga mibuni wakati wa kiangazi. Anayekikata anajikata mwenyewe.

Kuhusu hati: mwenye kibanja, yaani anayemiliki shamba lake juu ya ardhi ya mailo yenye hati ya mtu mwingine, anatambuliwa na Sheria ya Ardhi ya 1998, sawa na mwenye ardhi ya kimila. Kukosa hati si kizuizi. Taarifa mnazotoa kwenye usajili nazo zina ulinzi wa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Tuendelee.

Kanuni inataka mahali kahawa ilipolimwa pajulikane. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linahitaji nukta moja tu ya GPS. Likizidi hapo, mpaka wote uchorwe. Nukta iandikwe kwa tarakimu 6 baada ya desimali, latitudo kwanza, longitudo baadaye. Masaka iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake huanza na alama ya kutoa. Afisa wa usajili akiisahau alama hiyo, shamba la Masaka linahamia upande wa Mubende na Mityana, zaidi ya kilomita 70 kutoka lilipo. Akibadilisha nafasi za namba mbili, shamba linatua Algeria, jangwani. Mnacheka, lakini faili za namna hii zinaletwa, na mzigo unasimama hadi mtu arudi kijijini kupima upya.

Sasa stoo. Mchuuzi ananunua kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kwa wakulima 30, debe hapa, gunia pale, kisha anamimina vyote kwenye turubai moja kabla ya kupeleka kwenye kinu cha kukoboa. Kuchanganya si kosa, ilimradi kila mkulima anajulikana na nukta zote zinaandamana na mzigo. Kosa ni lile gunia la mwisho lililonunuliwa jioni kwa mtu wa bodaboda bila jina wala namba. Hapo kanuni inafanya kama methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hairuhusiwi kusema asilimia 95 ya mzigo ni safi. Shehena yote inakataliwa.

Wengine wamejiona wajanja, wanaazima namba ya mkulima aliyesajiliwa na kupitishia kahawa ya watu wengine. Ekari moja ya robusta iliyopandwa kwa nafasi ya futi 10 kwa 10 ina mibuni 435 hivi. Haiwezi kutoa tani 10 za kahawa iliyokobolewa, na kompyuta haihitaji kusomea kilimo ili igundue hilo.

Adhabu zinamwangukia kwanza mwagizaji wa Ulaya: faini ambayo kiwango chake cha juu hakiwezi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja huo, kutaifishwa kwa mzigo au mapato yake, na kufungiwa zabuni za serikali kwa muda usiozidi miezi 12. Msifikiri atazibeba peke yake. Ataziandika kwenye mkataba, msafirishaji wa Kampala atazisukuma kwa kinu, na kinu kitaacha kununua kwako. Kumbukumbu nazo hutunzwa miaka 5, kwa hiyo daftari la stoo lisifungiwe maandazi.

Wenye mitambo ya kumenya na kuosha kahawa kule Mlima Elgon pia wasijidanganye kwamba uendelevu unaishia shambani. Maji yenye utando wa tunda yakiingia mtoni yanamaliza oksijeni, na kuyamwaga bila kibali ni kosa chini ya sheria za mazingira. Makapi makavu ya kahawa yana soko: kiwanda cha saruji cha Hima kimeyatumia kuchomea tanuri. Kuyachoma pembeni mwa kinu ni kuchoma pesa, na moshi wake unawasumbua majirani.

Utekelezaji wa kanuni hiyo ya Ulaya umeahirishwa mara mbili. Kampuni kubwa na za kati zitaanza 30 Desemba 2026, ndogo 30 Juni 2027. Wanaosubiri Desemba ndipo waanze kusajili wakumbuke kwamba kinachoangaliwa ni siku kahawa inapoingia sokoni Ulaya, si siku ilipochumwa. Kahawa inayochumwa Masaka kati ya Mei na Agosti hukaushwa, hukobolewa, husubiri lori la Mombasa na meli. Ikikawia njiani, itakuta mlango umeshafungwa kwa wasio na nukta.