Ushindi 80 si watu 80

Juzi tena nimemsikia mtu akisema kwa kujiamini kabisa kwamba Manfred von Richthofen, yule rubani Mjerumani wa ndege nyekundu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, "aliua marubani 80." Mara ya ngapi sasa, nimeacha kuhesabu.

Ushindi wa angani ni ndege ya adui iliyoangushwa au kulazimishwa kutua, na wakubwa wa jeshi wakakubali kuiandika kwa jina la rubani fulani. Basi. Kinachohesabiwa ni chombo, si roho zilizokuwamo.

Wajerumani wana neno Luftsieg: Luft ni hewa, Sieg ni ushindi. Lakini wana pia Abschuss, na hilo ni la wawindaji, la mnyama aliyepigwa risasi. Hata kikosi alichojiunga nacho mwaka 1916, chini ya rubani mwenzake Oswald Boelcke, kiliitwa Jagdstaffel, na Jagd ni uwindaji. Nadhani mkanganyiko unaanzia hapo, maana mwindaji akikwambia amepata swala 80, ujue swala 80 wamekufa. Kiswahili kimetuokoa, ila hatusikilizi. Sisi tunatungua ndege kama tunavyotungua embe, na embe laweza kupasuka au likatua majanini zima. (Ngeli nayo muhimu: ndege "walitunguliwa" ni kunguru, za vita "zilitunguliwa".)

Wengine huleta habari ya "ree", jina la sifa la rubani hodari wa vita, kwamba ili ulipate lazima uue watano. Neno hilo la karata, kwa Kifaransa as, lilienezwa na magazeti ya Ufaransa, na zilizotakiwa ni ndege tano. Wajerumani walisema Kanone, yaani mzinga, na hiyo tano haikuwahusu. Wao walitazama nishani ya Pour le Mérite: mwanzoni mwa 1916 ilitolewa kwa ushindi 8; zamu ya Richthofen ilipofika, Januari 1917, zilitakiwa 16.

Richthofen mwenyewe hakuchanganya mambo. Kila alipoangusha ndege aliagiza kikombe kidogo cha fedha kwa sonara wa Berlin, urefu wake kama kidole gumba, na kila cha kumi kikawa kikubwa zaidi. Cha kwanza kilichorwa hivi: 1, Vickers, 2, 17.9.16. Namba ya ushindi, aina ya ndege, watu waliokuwamo, tarehe. Hiyo 2 ndiyo watu, imekaa peke yake. (Ndege yenyewe ilikuwa F.E.2b ya Waingereza; Wajerumani walizoea kuziita Vickers.) Rubani Lionel Morris na mwenzake Tom Rees walifariki wote wawili. Ushindi mmoja, vifo viwili. Vikombe viliendelea mpaka cha 60, fedha ikawa adimu Ujerumani.

Sasa tazama wa 80. Jioni ya tarehe 20 Aprili 1918 alitungua ndege mbili aina ya Sopwith Camel. Wa 79, Meja Richard Raymond-Barker, alikufa. Wa 80 alikuwa David Lewis, kijana kutoka Rhodesia. Ndege yake iliwaka moto, akaanguka nayo, akatoka na majeraha madogo ya moto na kutiwa mbaroni. Aliishi hadi 1978. Aliyemtungua hakuimaliza hata kesho yake: Richthofen alipigwa risasi akiwa angani karibu na mto Somme tarehe 21 Aprili, akiwa na miaka 25.

Simtetei. Nyingi za ndege zile zilibeba watu wawili, na waliokufa ni wengi mno. Ila ukimsimulia mwenzio, sema alitungua ndege 80. Akikuuliza walikufa wangapi, mwambie hiyo ni hesabu ya peke yake. Itabidi mpite ndege moja moja, mkianza na Morris na Rees.