Kuzaa hakumalizi mbio

Uwanjani Temeke bado nasikia watu wakiwaambia mabinti: "Ukishazaa, mbio basi." Si kweli, na maneno hayo yananiuma kwa sababu mabinti huyaamini.

Mtazameni Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika. Kabla ya kujifungua mwaka 2017, muda wake bora wa mita 100 ulikuwa sekunde 10.70. Mwaka 2019 akatwaa ubingwa wa dunia Doha, akashangilia uwanjani na mwanawe. Mwaka 2021, akiwa na miaka 34, akakimbia kwa 10.60! Yaani akajipita mwenyewe wa enzi za usichana. Ubingwa wa tano wa dunia katika mita 100 akaupata 2022.

Mzazi anahitaji muda wa kupona, mazoezi ya kupandishwa taratibu, na mtu wa kumshikia mtoto.