Je, wajua kwa nini kontrola ya DJ hutazamwa mgongoni kwanza?

Ukiingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo, au barabara ya Luthuli kule Nairobi, utakuta kontrola za DJ, yaani vyombo vya kuendeshea nyimbo zilizo kwenye laptopu, zimepangwa uso juu: sahani mbili za kuzungusha, vitelezi, vitufe vinavyowaka rangi kila ukivigusa. Mnunuzi mgeni huvutwa na taa hizo. DJ aliyezoea ukumbi hufanya jambo moja kabla hajauliza bei. Hukiinua chombo, hukigeuza, akatazama matundu ya nyuma. Anatafuta nini huko?

Jibu linaanzia kwenye laptopu yenyewe. Laptopu ina mdomo mmoja. Kila kinachochezwa na programu hutokea kwenye tundu lilelile la hedifoni, kushoto na kulia, basi. Kazi ya DJ inadai midomo miwili: mmoja unasema na ukumbi, mwingine unamnong'oneza yeye peke yake wimbo unaofuata, ili autafute mwanzo wake, aulinganishe na unaochezwa, kisha auachie. Ukikosa mdomo wa pili unabaki kuchanganya nyimbo kwa kutazama mistari kwenye skrini na kuomba heri.

Ndiyo maana ndani ya kontrola nzuri kuna kadi ya sauti, yaani sehemu inayogeuza namba za kompyuta kuwa sauti, yenye njia nne, mbili za kwenda spika na mbili za kwenda hedifoni. Sehemu kubwa ya thamani ya chombo imo humo, mahali pasipoonekana. Zipo kontrola zisizo na kadi kabisa, mfano DDJ-200 ya Pioneer DJ iliyotoka mwaka 2019. Hizo hutegemea waya wa kugawanya: upande wa kushoto wa tundu la laptopu unapelekwa ukumbini, wa kulia unakuja sikioni kwako, na kila upande unabaki mono, yaani sauti isiyogawanyika kushoto na kulia. Kwa kujifunzia chumbani hakuna ubaya wowote, na bei yake ni nafuu.

Lakini ukumbini ni habari nyingine. Sherehe ya kwanza niliyopewa niipigie muziki ilikuwa kwenye ukumbi mdogo Temeke, nami nilikuwa na waya wa namna hiyo. Plagi ililegea kidogo tu, haikuchomoka. Bi harusi yuko mlangoni, shela linashikwa na wapambe, na wimbo niliokuwa nausikiliza mwenyewe kwenye hedifoni ukamwagika kwenye spika, juu ya ule alioutaka kuingilia. Sekunde tatu, labda nne. Niliisukuma plagi, mambo yakatulia, watu wakaendelea kupiga vigelegele. Ila video ya harusi ile bado ina sekunde zile, na mwenye harusi alikuwa na siku moja tu.

Basi, geuza chombo. Ukiona matundu mekundu na meupe peke yake, yaani RCA, zile plagi tulizozizoea kwenye deki za DVD, ujue chombo kimetengenezwa kwa ajili ya nyumbani na kumbi ndogo. Waya wa RCA ukiwa mfupi hauna shida. Ukiuvuta mita kumi na kitu hadi kwenye miksa ya fundi mitambo, ukaupitisha kando ya nyaya za umeme na taa, unaanza kuokota mvumo njiani. Ukiona matundu ya duara yenye pini tatu, kama ya waya wa maiki, hayo ni XLR, na siri yake ni tamu. Sauti ileile inatumwa mara mbili ndani ya waya mmoja, nakala moja ikiwa imepinduliwa. Mvumo ukiingia njiani unaziingia zote mbili sawasawa. Ikifika kwenye miksa, nakala iliyopinduliwa inapinduliwa tena na kuunganishwa na mwenzake. Sauti inajumlishika, mvumo unajifuta wenyewe.

Sasa rudi upande wa uso. Wengi hushangaa kusikia kwamba, kwenye kontrola za kawaida, sahani na vitufe vile haviugusi wimbo kabisa. Wimbo umo kwenye laptopu na unabaki humo. Ukibonyeza kitufe cha kucheza, kontrola inatuma ujumbe mfupi kupitia waya wa USB, kwamba kitufe namba fulani kimebonyezwa. Programu ndiyo inayoamua ujumbe huo una maana gani. Lugha inayotumika sana ni MIDI, iliyozaliwa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Wawili walioipigania, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013, miaka 30 baadaye. Lugha hiyo imedumu kwa sababu ni nyepesi, na wepesi wake una gharama. Thamani moja ya kawaida ya MIDI ni namba kati ya 0 na 127. Hatua 128, hakuna zaidi.

Kwa kitufe zinatosha na kubaki. Kwa kitelezi cha kasi, kile unachosukuma juu na chini ili wimbo uende mbio au upoe, ni chache mno, na hapa naomba tufanye hesabu pamoja.

Kitelezi cha kawaida hubadilisha kasi kwa asilimia 8 kupanda na 8 kushuka, kipimo ambacho ma-DJ wamekizoea tangu enzi za mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979. Jumla ni asilimia 16. Igawe kwa hatua 128, kila hatua inakuwa asilimia 0.125. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unaruka kwa 0.15 kila kitelezi kinaposogea hatua moja. Kasi unayoitaka ikiangukia katikati ya hatua mbili, huwezi kuifikia. Utaikosa kwa nusu hatua, na nyimbo zako mbili zitapishana kama milisekunde 37 kila dakika. Baada ya dakika mbili zimepishana milisekunde 75. Kwenye wimbo wa mapigo 120, ambapo pigo hadi pigo ni milisekunde 500, sikio linaanza kusikia ngoma mbili zinakanyagana. Kwenye singeli ya Dar es Salaam, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200, mambo ni mabaya zaidi. Wimbo ukiwa na mapigo 240, pigo hadi pigo ni milisekunde 250, kwa hiyo zile 75 ni karibu theluthi nzima ya pigo. Ule si mchanganyiko tena, ni vurugu, na wachezaji wataisikia miguuni kabla hujaiona kwenye skrini.

Dawa ipo na ni ya zamani: kontrola itume namba mbili kwa pamoja, moja ya hatua kubwa na nyingine ya hatua ndogo ndani yake. 128 mara 128 ni 16,384. Kuijua kontrola ya namna hiyo hakuhitaji kusoma kijitabu. Fungua programu pale dukani, weka wimbo, sogeza kitelezi polepole kadiri unavyoweza huku unatazama namba ya kasi. Ikitambaa kidogokidogo, sawa. Ikiruka kwa mikupuo ya 0.15 au zaidi, kirudishe chombo mezani.

Kuna watakaosema siku hizi kitufe cha kusawazisha kasi hufanya yote hayo. Kinafanya, pale programu inapoweza kuusoma mdundo wa wimbo, na nyimbo zilizotengenezwa kwa kompyuta husomeka vizuri. Lakini weka muziki wa dansi wa zamani, bendi nzima imerekodiwa kwa pamoja, mpiga ngoma anapanda kidogo sebene linapoanza na kushuka waimbaji wanaporudi. Mistari ya programu inapotea. Hapo mkono wa DJ ndio unaoshika wimbo, na mkono unahitaji kitelezi chenye adabu. Wazee wetu wakifika ukumbini wanataka nyimbo hizo, nami naona wana haki ya kuchanganyiwa vizuri kama vijana.

Sahani za kuzungusha nitazipitia haraka. Ikiwa hukwaruzi, yaani huchezi na sahani mbele na nyuma ili wimbo utoe mkwaruzo, kazi yake ni kusukuma wimbo kidogo mbele au nyuma, na hata sahani ndogo inatosha. Ikiwa unakwaruza, ukubwa una maana. Santuri ya sentimita 30 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Sahani ya kontrola yenye upana wa sentimita 15 ikifuata mwendo huohuo, kidole kinachopotoka milimita moja kinakosea mara mbili ya kile kilicho ukingoni mwa santuri.

Kisha kuna uchelewaji. Kompyuta haitoi sauti kwa mtiririko, inaitoa kwa mafungu, kama nyanya sokoni. Sauti ya kawaida ina sampuli, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Ukiweka fungu la sampuli 1,024, kila fungu linabeba milisekunde 23. Ukilipunguza hadi 256, ni karibu 6. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni sawa na kusimama mita 8 kutoka kwenye spika. Unabonyeza sasa, unasikia baadaye kidogo, na mkono unaanza kusitasita. Kwenye Windows, tafuta kontrola yenye draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na chombo) yake ya ASIO, mfumo uliobuniwa na Steinberg ili sauti isipite njia ndefu. Anayenunua chombo cha mtumba awe macho hapa hasa. Chombo kinaweza kuwa kizima, taa zote zinawaka, lakini draiva yake iliishia kwenye Windows ya miaka mingi iliyopita. Nenda na laptopu yako mwenyewe dukani. Usijaribu kwa ya muuzaji.

Programu nayo inaingia kwenye bei. Kontrola ya DDJ-FLX4, kwa mfano, hukufungulia sehemu ya kuchezea ya programu ya rekordbox bila malipo ya ziada, ila kwa programu ya Serato inakupa toleo dogo, Serato DJ Lite, na toleo kubwa, Pro, unalilipia mwenyewe. Kontrola mbili zinazofanana bei zinaweza kuachana mbali ukijumlisha leseni. Mwenye mfuko mwembamba aijue Mixxx, programu ya bure iliyo wazi kwa wote. Kwa kuwa kontrola hutuma namba tu, watumiaji wa Mixxx wameandika maelekezo ya kuzisoma kontrola nyingi, zikiwemo za kampuni zilizokwisha kufungwa kama Vestax ya Japani.

Umeme usisahaulike. Kontrola inayolishwa na USB pekee inaendelea kuishi kwa betri ya laptopu umeme ukikatika, lakini tundu la USB la kawaida, 2.0, hutoa wati 2.5 tu, na mara nyingi utaigundua dhiki hiyo kwenye hedifoni: spika zinanguruma, nawe husikii sikioni. Yenye adapta yake ina nguvu, ila umeme ukirudi chombo kinaanza upya, na huenda ukalazimika kuichagua tena kadi ya sauti kwenye programu huku ukumbi mzima unakutazama.

La mwisho ni la maiki, nalo kwetu ni zito kuliko watengenezaji wanavyodhani, kwa kuwa harusi bila MC si harusi. Kontrola kadhaa za bei nafuu zina tundu la maiki linalokwenda moja kwa moja kwenye spika bila kupita kwenye laptopu. Ukumbini kila mtu anamsikia MC. Ukirekodi shughuli kwenye programu ili uwape wenyewe kumbukumbu, unapata muziki mtupu: hakuna utani wa wajomba, hakuna jina la bi harusi likiitwa. Ukiwa bado dukani, chomeka maiki, bonyeza kitufe cha kurekodi, taja jina lako juu ya wimbo, kisha fungua faili usikilize kama umo.