Kujifunza kuisikiliza detekta kabla ya kutafuta sarafu za kale

Wengi wanaonijia hapa Unguja kutaka kufundishwa mashine ya kugundua metali huniuliza kwanza ni wapi penye sarafu. Mimi huwaanzishia uani kwangu, ambako nimefukia vitu ninavyovijua mwenyewe: riale ya fedha ya Maria Theresa, pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, aliyekuwa sultani wa Zanzibar, senti kumi ya kikoloni yenye tundu, msumari wenye kutu, kizibo cha soda na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile yenye utando wa alumini. Mwanafunzi huvipitia kwa siku kadhaa, mpaka aweze kunitajia kila kimoja kwa sauti yake bila ya kutazama kioo cha mashine.

Ndani ya ile sahani ya chini ya mashine mna waya uliozungushwa, na umeme unaopita humo hubadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, ukazaa uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikuta metali, huzuka ndani ya metali mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo huzaa uga wake, ambao mashine huupokea umechelewa kidogo. Ucheleweshaji huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti na namba. Sarafu nene ya fedha au shaba hulia kwa sauti nyembamba ya juu, karatasi ya sigara hukaa chini zaidi, na chuma hukoroma, ingawa msumari uliopinda huweza kumdanganya hata mzoefu. Namba hiyo hufuata pia ukubwa na unene wa kitu, kwa hiyo sarafu ndogo nyembamba ya fedha huweza kulia kama taka. Anayeipanga mashine isilie kwa taka kwa sababu amechoshwa nazo, hunyamazisha na fedha hiyo.

Udongo nao una usemi wake. Kinongo chetu chekundu kina chuma, hivyo kabla ya kuanza ni lazima kuiinua na kuishusha sahani juu ya ardhi tupu huku ukirekebisha, mpaka mashine itulie. Pwani, mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine inayotumia masafa (frikwensi) mamoja tu hulia ovyo. Punguza makali yake ya kuhisi, au baki kwenye mchanga mkavu.

Mwaka mmoja, katika shamba la minazi ambalo mwenyewe alituruhusu, tulipata sauti iliyorudi ile ile tulipopita kutoka kulia na kutoka kushoto, na ikabaki hivyo tulipogeuka robo mzunguko. Tulikata bonge la udongo kwa mwiko, na kiasi cha shibiri moja chini kikatoka kiduara cha kijani. Hatukukisugua, kwani kusugua huondoa maandishi pamoja na kutu. Tulikidondoshea maji tu, na taratibu ikajitokeza picha ya mizani: pesa ya Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Bibi mwenye shamba aliiweka kiganjani akasema, "Kumbe hii ndiyo pesa yenyewe, mwanangu."

Kwenye magofu simpeleki mwanafunzi yeyote, wala sitompeleka. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, waakiolojia walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zilizopigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na chache za dhahabu. Zile za fedha hazikuandikwa mwaka. Dhahabu ya Kifatimi, yaani ya makhalifa wa Misri, iliyolala nazo ndiyo iliyosaidia kujua kwamba ni za karne ya 11. Lau mtu mmoja mwenye mashine angaliwahi kuichomoa dhahabu akaiuza, fedha iliyobaki ingepoteza umri wake, na sisi tungepoteza ushahidi kuhusu wazee wetu waliokuwa wakipiga sarafu zao wenyewe. Kwa sababu hiyo nataka ruhusa ya mwenye ardhi, ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) na ya idara inayosimamia mambo ya kale kabla ya mwiko kugusa udongo, na kila kinachopatikana huandikiwa mahali pake na kina chake.

Baada ya kutoa sarafu, pitisha tena sahani juu ya shimo kabla ya kulifukia. Ukisikia sauti ya pili na ya tatu hapo hapo, huenda ni akiba iliyofukiwa pamoja kama ile ya Mtambwe: weka mwiko chini, piga picha, usichimbe zaidi, na umwite sheha.