Afisa unayemwona nyuma ya Mfalme siye

Kila ninapoanza somo la itifaki huwaonyesha wanafunzi picha moja. Mfalme Charles anashuka garini, na hatua mbili nyuma yake kuna mwanajeshi mwenye kamba za dhahabu begani. Nauliza: huyu nani? Darasa zima hujibu kwa sauti moja: mpambe! Wamepata. Nani asiyemjua mpambe wa Rais, anavyosimama wima nyuma ya kiti bila kucheka hata hotuba ikinoga utani? Swali la pili ndilo huwaangusha. Je, huyo ndiye kiungo kati ya Mfalme na majeshi yake? Wanasema ndiyo. Nasema siye.

Mpambe wa Mfalme wa Uingereza ni mtu wa ratiba na wageni. Asili ya cheo chake ni zizi la farasi wa mfalme, na siku hizi kwa kawaida ni meja, au cheo kinacholingana nacho, aliyeazimwa kutoka kikosini kwa miaka michache. Huku Afrika wengi wanamkumbuka Nana Kofi Twumasi-Ankrah, mzaliwa wa Ghana aliyepigana Afghanistan, ambaye mwaka 2017 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mpambe wa Malkia Elizabeth. Ni heshima kubwa. Lakini faili la jeshi halipiti mikononi mwa mpambe.

Linapita kwa afisa ambaye kwa Kiingereza huitwa Defence Services Secretary, na kwa Kiswahili mimi humwita Katibu wa Majeshi. Anahesabiwa miongoni mwa wakuu wa nyumba ya Mfalme, ila meza yake nyingine, tena ndiyo kubwa, iko Wizara ya Ulinzi, ambako anashughulikia mambo ya watumishi wa majeshi yote. Ni wa nyota mbili: akitoka nchi kavu ni Meja Jenerali. Kwa desturi nafasi hiyo huzunguka kati ya wanamaji, nchi kavu na anga, na mimi naona ni busara, asije mmoja akajiona Mfalme ni wake peke yake. Kofia mbili, kichwa kimoja.

Wanafunzi huziona kofia hizo mbili kuwa kasoro. Kwangu ndizo siri ya kazi yenyewe, na ukitaka kuelewa kwa nini, mtazame Mtawala (kwa Kiingereza Duke) wa Cambridge. Huyu Prince George alikuwa binamu wa Malkia Victoria, nao walizaliwa mwaka mmoja, 1819. Mwaka 1856 alipewa uongozi wa jeshi, akaukalia miaka 39. Alijiona anawajibika kwa binamu yake, si kwa waziri. Serikali ilipotaka kukomesha mtindo wa matajiri kununua vyeo vya uafisa, ambao ulifutwa mwaka 1871, moyo wake haukuwa huko kabisa. Wakamhamisha ofisi kutoka Horse Guards, makao ya zamani ya jeshi jijini London, hadi mtaa wa Pall Mall, chini ya jicho la waziri. Mzee akahama, lakini juu ya barua zake akaendelea kuandika "Horse Guards, Pall Mall". Ukiwahi kufanya kazi serikalini utakuwa umemfahamu mtu wa namna hiyo. Alitoka mwaka 1895, na mwaka 1904 cheo chenyewe kikafutwa.

Kwa hiyo kiungo cha leo kimeundwa kinyume cha yule Mtawala: si ndugu wa Mfalme, hana kikosi cha kuamuru, na kofia yake ya pili iko wizarani, mahali palepale ambapo Cambridge hakutaka kuwajibika. Kazi yake ni karatasi na ushauri, hasa zile nafasi za heshima ambazo watu wa ukoo wa kifalme hushika vikosini. Januari 2022 Prince Andrew, mdogo wake Charles, aliporudisha nafasi zake za kijeshi kwa mama yake, vikosi kadhaa vilibaki bila mlezi. Oktoba mwaka huohuo Charles akachukua mwenyewe ulezi wa makomandoo wa majini, na Mei 2024 akamkabidhi William ulezi wa kikosi cha ndege cha jeshi la nchi kavu. Magazeti huona sherehe tu. Kabla ya sherehe kuna madokezo, na kikosi kina hisia zake kuhusu nani awe mlezi wake.

Nafasi ya Katibu wa Majeshi ilianza mwaka 1964, wizara za wanamaji, nchi kavu na anga zilipounganishwa kuwa moja. Kwetu Januari mwaka huohuo askari wa Tanganyika Rifles, warithi wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), waliasi wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Kufikia Septemba tulikuwa na JWTZ. Keya ilikuwa na neno mfalme ndani ya jina lake, na sidhani kama babu zetu waliovaa sare ile walijua nani alipeleka habari zao London.

Muhula uliopita afande mmoja mstaafu aliuliza: je, Mfalme akimwambia huyo Katibu apeleke vikosi vitani? Nikamjibu, haviendi. Amri hutoka serikalini, kupitia kwa waziri na Mkuu wa Majeshi. Tangu 1689 kuweka jeshi wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge ni kinyume cha sheria, na hadi leo sheria ya majeshi hupitishwa upya kila baada ya miaka mitano, kama ilivyofanyika mwaka 2021. Askari wa nchi kavu na wa anga humwapia Mfalme utii. Wanamaji hawaapi, kwa kuwa jeshi lao lilitokana na mamlaka ya mfalme mwenyewe, si ya Bunge.

Afande akacheka. "Mwalimu, kumbe wasioapa ndio wa Mfalme hasa!"